NYUMBA YA WAGENI: HESABU SIKU TUPU KWANZA



Ndugu zangu vijana, dada zangu, na wazazi wetu waheshimiwa. Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), naishukuru jumuiya yetu kwa kunipa nafasi hii. Mada niliyopewa ni biashara ya kukodisha nyumba kwa wageni wa siku chache. Siku hizi kila mtu anaiita Airbnb, hata kama mgeni mwenyewe ameletwa na binamu aliyeko Nairobi.

Huenda mtu akauliza, biashara hii na Ramadhan wapi na wapi? Jawabu ni kwamba mwezi huu ndio wengi wetu tunaokaa chini kupiga hesabu za zaka. Na mwezi huu ndio jamaa wanaokutana kwenye futari, na mazungumzo ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yakaanza papo hapo kwenye mkeka. Mmoja anasema tuiuze. Mwingine anasema tuweke watalii. Wa tatu kanyamaza, lakini moyoni ana lake. Basi ni bora tuzungumze kwa hesabu, si kwa ndoto.

HESABU YA NDOTO NA HESABU YA KWELI

Hebu tuchukue mfano. Una fleti ya vyumba viwili upande wa Nyali. Umesikia nyumba kama hiyo inalazwa kwa shilingi 6,000 usiku mmoja. Kijana anatoa simu, anapiga 6,000 mara siku 365, anapata 2,190,000. Macho yanamtoka! Siku ya pili yuko kwenye ofisi ya mikopo.

Sasa tuifanye hesabu hiyo hiyo kwa kutazama kalenda ya Pwani. Wageni wa nje huja zaidi Julai na Agosti, kisha Disemba mpaka Machi wakati wa kaskazi. Wageni wa bara hufuata likizo za shule, yaani Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Masika yakiingia, Aprili mpaka Juni, hata hoteli kubwa kadhaa hufunga milango wakapaka rangi. Tuseme basi, katika miezi 4 mizuri umepata siku 75 zenye mgeni. Katika miezi 5 ya kati umepata siku 50. Katika miezi 3 mibaya umepata siku 15. Jumla ni siku 140, na kwa mtu anayeanza si haba.

Siku 140 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 840,000. Toa makato ya mtandao na mawakala, tuseme asilimia 15, ambayo ni 126,000. Toa usafishaji na kufua: wageni 40 kwa shilingi 1,500 kila mmoja anapotoka, ni 60,000. Toa umeme, maji, gesi na intaneti, 12,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 144,000. Toa mchango wa mlinzi na taka, 8,000 kwa mwezi, kwa mwaka 96,000. Toa matengenezo, rangi, shuka na vyombo vilivyovunjika, 84,000. Umebakiwa na nini? Shilingi 330,000.

Haya, fleti hiyo hiyo ungempa mpangaji wa kudumu kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, akajilipia umeme, maji na mlinzi mwenyewe, ungepata 360,000. Na hujafua shuka hata moja. Hujaamka saa nane za usiku kumpokea mgeni ambaye ndege yake imechelewa. Hujanunua makochi, friji na televisheni.

Sitaki kumvunja mtu moyo. Bei za kila mtaa zina tofauti, na kila mmoja atie namba zake mwenyewe. Ninachotaka muone ni mahali pa kutazama. Katika mfano huu, ukitaka kumfikia tu yule mpangaji wa kudumu unahitaji siku 147 zenye mgeni. Na ukimlipa msimamizi 15,000 kwa mwezi, kama inavyotakiwa kumlipa mtu anayefanya kazi, unahitaji siku 185, yaani zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe usiku mmoja unalipa ngapi. Uliza siku ngapi nyumba italala tupu, na siku hizo nani atazilipia.

HII NI KAZI, SI KODI

Kodi ya mpangaji huja mwisho wa mwezi hata ukilala. Pesa ya mgeni haiji hivyo. Analipia kitanda kilichotandikwa vizuri, maji yanayotoka bombani, jibu la simu ndani ya dakika chache, na mtu wa kumwelekeza. Kwa maneno mengine anamlipa mtu, na nyumba ni chombo cha kazi tu, kama boti ya mvuvi.

Ukilielewa hilo utaona faida mbili. Ya kwanza, huna haja ya kumiliki nyumba ili uingie katika biashara hii. Ya pili, utajua ni nyumba gani inayofaa. Nyumba inayoweza kupata mpangaji mzuri wa kudumu, mara nyingi muachie mpangaji. Lakini Pwani yetu ina nyumba nyingi ambazo hazina mpangaji wala hazitampata. Kuna nyumba za watu walioko Ughaibuni wanaokuja kila baada ya miaka miwili. Kuna nyumba za likizo za watu wa Nairobi huko Kikambala na Diani, na za Waitaliano huko Malindi na Watamu, ambazo sehemu kubwa ya mwaka ziko chini ya kufuli, na mwenyewe analipa mlinzi bure. Kuna ghorofa ya juu ya nyumba ya mama, watoto wameoa na kuolewa, vyumba vimebaki na masanduku.

Nyumba ya namna hiyo usiilinganishe na shilingi 360,000 za mpangaji. Ilinganishe na sufuri. Hapo hesabu inageuka kabisa.

Kijana muaminifu anayejua kazi anaweza kumwendea mwenye nyumba kama hiyo na kumwambia: nitaitunza, nitaitafutia wageni, nitakuletea hesabu kila mwezi, na nitachukua asilimia tutakayokubaliana. Mkikubaliana asilimia 20 ya mapato, nyumba moja kama ile ya mfano wetu inampa 168,000 kwa mwaka. Akiwa na nyumba 5 ni 840,000, na hajanunua hata tofali. Dada zetu pia wanaiweza kazi hii vizuri sana, kwani usafi, mapishi, hesabu na kujibu wateja kwa simu ni mambo mtu anaweza kuyaendesha akiwa mtaani kwake.

KUIENDESHA NYUMBA KWA SIKU

Sasa kazi yenyewe ikoje? Nitataja machache ambayo ndiyo yanayowaangusha wengi.

Kila kitanda kiwe na seti 3 za shuka: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini. Mwenye seti 2 huaibika siku mvua inaponyesha na shuka hazijakauka. Weka tangi la maji la kutosha siku kadhaa, maana mifereji yetu tunaijua. Hewa ya bahari inakula chuma, kwa hiyo kufuli, bawaba na feni zikaguliwe kila mwezi, usingoje zikwame mgeni akiwa ndani.

Wenye nyumba za mawe za kale, Lamu na Mji wa Kale Mombasa, wana jambo lao. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa, na zinapumua. Fundi wa haraka akizipiga saruji, unyevu unafungiwa ndani na baada ya misimu michache ukuta unababuka. Tafuta fundi wa chokaa, hata kama ni ghali kidogo. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo usivunje wala usijenge bila idhini ya Makumbusho ya Taifa. Na kumbuka, mgeni anayepanda ndege kwenda Lamu anafuata daka, zidaka na boriti. Ukizificha nyuma ya vigae vya kung'aa, umemuuzia kitu anachokipata popote.

Picha ziwe za kweli. Ukipiga picha ya bahari kutoka kwenye paa la jirani ukaandika kwamba nyumba yako inatazama bahari, huo ni udanganyifu, na kuficha aibu ya bidhaa tunajua limekatazwa. Hata kibiashara ni hasara, kwa sababu mgeni mmoja aliyekasirika ataandika maneno ambayo wageni 100 watayasoma. Kama karibu kuna msikiti na adhana ya alfajiri inasikika, sema mapema. Kama njia ni nyembamba na gari haifiki, sema. Mgeni aliyeambiwa hukubali, na mara nyingi akapenda. Aliyeshtukizwa hulalamika.

Na Ramadhan je? Mwezi wetu unazunguka misimu yote. Mwaka 2010 ulianza Agosti, mwaka 2025 ukaanza Machi. Kwa hiyo kila mwaka tazama umeangukia wapi katika kalenda ya wageni. Mpishi na nahodha wako wamefunga, basi safari za mashua zipangwe asubuhi, na mgeni aambiwe kabla hajalipa kwamba mikahawa mingi ya mjini itafunguliwa jioni. Mualike futari siku moja, aonje viazi vya karai, kaimati na uji. Hilo litamkaa moyoni kuliko makochi yako.

MGENI NI NANI, NA MASHARTI YA NYUMBA

Hapa tuzungumze wazi, wazazi wakituwia radhi. Mwanzoni mwa 2024 nchi nzima ilishtushwa na mauaji ya wanawake katika nyumba za kukodi kwa siku jijini Nairobi. Baada ya hapo serikali iliwataka wenye nyumba hizi wajisajili kwa Mamlaka ya Kusimamia Utalii, ile iliyowekwa na Sheria ya Utalii ya 2011. Kwa hiyo kumpa mtu ufunguo kwa ujumbe wa simu, hujui jina lake wala aliyefuatana naye, ni kucheza na roho za watu. Andika jina na namba ya kitambulisho au pasipoti ya kila anayelala, si ya aliyelipa peke yake. Awepo mtu wa kumpokea na kumuaga. Daftari hilo ni kinga yako na kinga ya mgeni.

Wengi huuliza: nikiwapokea watu wasiofuata mwenendo wetu, dhambi ni ya nani? Mas'ala hayo mpelekee sheikh wako, umueleze nyumba yako ilivyo. Langu mimi ni hili: masharti ya nyumba yaandikwe kabla mgeni hajalipa. Kama hutaki pombe, andika. Kama hutaki karamu za usiku, andika. Kama nyumba ni ya familia, andika ni ya familia. Utapoteza wageni wengine, naam. Lakini zipo familia nyingi za Kiislamu, za hapa na za Ghuba, zinazotafuta nyumba kama hiyo na haziipati: jikoni safi, kibla kimeonyeshwa, mswala uko, na bomba la maji chooni. Hilo nalo ni soko.

Kabla ya kununua au kukodi fleti, soma mkataba wa jengo na uwaulize kamati ya wakaazi. Majengo mengine hayataki wageni wa siku chache, na wana haki, kwani jirani hakununua nyumba ili kila wikendi akutane na sura ngeni kwenye ngazi. Chukua leseni ya kaunti. Na kwa ushuru usidanganyike na mazungumzo ya barazani. Ule ushuru wa asilimia 7.5 ulioanza Januari 2024 ni wa kodi za nyumba za makazi, si wa biashara ya kulaza wageni. Muone mhasibu mapema akueleze unadaiwa nini, usingoje barua.

PESA YA KUANZIA

Watu hutaka kuanza na mkopo. Kwanza kuna riba, na hukumu yake haihitaji maelezo yangu. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazoendeshwa kwa misingi ya sheria ya Kiislamu, na ziko njia kama ijara na musharaka. Lakini hata iliyo halali usiiingie kwa pupa, maana malipo ya kila mwezi hayajui kama ni masika.

Tazameni historia yetu wenyewe. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, fukwe zilibaki tupu. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na maonyo ya nchi za nje kwa raia wao, hali ikawa ile ile. Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa kwa ajili ya korona, zikarejea Agosti. Mara tatu katika miaka 13! Aliyekuwa na deni aliuza. Aliyekuwa na akiba alifunga mlango akasubiri. Basi kabla ya kununua televisheni kubwa, weka pembeni gharama za miezi 6 za nyumba hiyo. Hiyo ndiyo samani ya kwanza.

Na kagua umiliki. Hapa Mombasa tuna desturi ambayo watu wa bara huishangaa: nyumba ni yako, lakini ardhi ni ya mwingine, ama mtu binafsi ama wakfu, nawe unalipa kodi ya ardhi. Ukimwaga shilingi milioni moja kwenye vigae na viyoyozi juu ya ardhi isiyo yako, na makubaliano ni ya mdomo tangu zama za babu, umejenga juu ya maneno. Zungumza na mwenye ardhi kwanza, muandikiane.

Kwa jamaa wanaoshawishiwa kuuza nyumba za mawe: Katiba ya 2010 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anapata kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Ikiwa yeye ananunua miaka, nawe unaweza kumkodisha miaka 10, akaitengeneza, kisha ikarudi kwa watoto wako. Ukiiuza, pesa itaisha na mtoto wako ataingia nyumba ya babu yake kama mfagiaji.

NYUMBA YA MAREHEMU

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Baba amefariki, ameacha nyumba. Ndugu mmoja yuko mjini, anaweka wageni vyumbani. Mama anapewa pesa ya sabuni. Dada aliyeolewa Malindi anaambiwa "nyumba haijagawanywa bado." Miaka 10 inapita. Ndugu huyu si mwizi machoni pa watu. Anafunga, anaswali, pengine anatoa futari msikitini. Lakini pesa inayoingia ni ya watu wengine pia.

Mirathi imeshagawanywa na Mwenyezi Mungu, kilichobaki ni sisi kutekeleza. Tuseme marehemu ameacha mjane, watoto wa kiume 2 na wa kike 1, na hakuna mrithi mwingine. Mjane ana thumni. Kinachobaki, kila mwanamume anapata mara mbili ya mwanamke. Kama nyumba imebakisha 400,000 kwa mwaka baada ya gharama zote, mama ana 50,000, kila ndugu 140,000, na dada ana 70,000. Ni yake, si zawadi ya Idi.

Na ndugu anayefanya kazi asidhulumiwe pia. Mshahara wake utolewe kabla ya kugawanya, kama gharama nyingine, kwa kiwango ambacho wote wamekubali. Yaandikwe na yashuhudiwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, imezungumzia kuandikiana madeni. Basi kuandikiana si dalili ya kutoaminiana. Mkishindwa kuelewana, Kadhi yupo, na ni bora kumwendea mapema hali bado mnasalimiana.

Kuhusu zaka, wanavyuoni wengi wanasema nyumba yenyewe ya kukodisha haitolewi zaka. Kinachotolewa ni akiba iliyotokana na mapato yake ikifika nisab na kupitiwa na mwaka, asilimia 2.5. Mwenye daftari safi atamaliza hesabu hiyo baina ya Alasiri na Magharibi. Asiye na daftari atakisia.

Ndugu zangu, kabla Ramadhan haijaisha, fanyeni jambo moja. Chukueni karatasi, muandike miezi 12, na mbele ya kila mwezi muandike siku tupu. Kisha muandike majina ya wote wenye haki katika nyumba hiyo. Karatasi hiyo ikikubaliwa na wote kwenye mkeka wa futari, tafuteni mgeni wa kwanza. Isipokubaliwa, nyumba ingoje. Udugu ukishavunjika, hakuna msimu wa watalii utakaoulipa.

Mwenyezi Mungu atupe rizki ya halali yenye baraka, na atukubalie swaumu zetu. Wabillahi tawfiq.